Fritz Zwicky, Aliyehesabu Vifo vya Nyota

Fritz Zwicky alizaliwa tarehe 14 Februari 1898 mjini Varna, katika nchi ya Bulgaria. Baba yake alikuwa mfanyabiashara Mswisi. Alipotimiza miaka sita alipelekwa Uswisi kwa babu na bibi yake ili asomee biashara, lakini moyo wake ulipenda hesabu na fizikia. Mwaka 1925 alihamia Marekani, akafanya kazi katika Taasisi ya Teknolojia ya California.

Mwaka 1934 yeye na mwenzake Walter Baade walitangaza jambo la ajabu. Walisema nyota kubwa ikilipuka, kiini chake hujikaza kikawa nyota ya nyutroni. Leo twajua kwamba nyota hiyo, ingawa upana wake ni kilomita 20 hivi, hulizidi jua letu kwa uzito. Wakati ule wataalamu wengi hawakujali. Zwicky alikuwa mkali wa maneno, lakini ushahidi aliutafuta kwa kazi. Tangu mwaka 1936, juu ya mlima Palomar, alipiga picha za galaksi zile zile usiku baada ya usiku, akilinganisha mpya na za zamani. Maishani mwake alipata nyota zilizolipuka zaidi ya 100, akakadiria hutokea mara ngapi.

Mwaka 1967 Jocelyn Bell, mwanafunzi wa Cambridge, aligundua pulsa, yaani nyota ya nyutroni inayozunguka na kutoa mawimbi ya redio. Pulsa ni kama mtu azungushaye kurunzi usiku juu ya milima ya Mbizi: sisi wa Sumbawanga huuona mwanga pale tu unapotuelekea. Kwa hiyo zilizoonekana ni elfu chache, na zilizofichika ni nyingi zaidi.

Afrika Mashariki nayo ilishiriki. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi, Kenya. Mwaka 1971 ilipokea mionzi ya eksirei ya Centaurus X-3, nyota ya nyutroni inayomweka kila sekunde 4.8.

Zisizoonekana zahesabiwaje? Kijiji kikizaa watoto 10 kila mwaka, na kila mtu akiishi miaka 50, twajua kina watu 500 bila kupita nyumba kwa nyumba. Vivyo hivyo, kifo cha nyota kubwa ndicho kuzaliwa kwa pulsa. Wataalamu hukadiria kwamba galaksi yetu huzaa pulsa mbili hivi kila miaka 100. Kila moja ikiishi miaka 10,000,000, zitakuwa 200,000.

Zwicky alifariki tarehe 8 Februari 1974, neno lake likiwa limethibitika. Wenzangu, hakungoja kusadikiwa ndipo aanze kuhesabu.