Padre Angelo Secchi, Mkesha wa Jua na Mianga ya Kaskazini

Katika nchi za kaskazini ya mbali, kama Norwei na Kanada, wako watu wakeshao nje usiku wa baridi kali, macho yao yakielekea mbinguni. Wamepata habari ya kwamba jua limechafuka siku mbili tatu zilizopita, nao wangojea mianga ya kaskazini: mapazia makubwa ya nuru, kijani na nyekundu, yanayopepea angani kimya kimya. Sisi tukaao karibu na Ikweta hatukujaliwa kuiona. Hata hivyo twapenda leo kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya padre mmoja aliyeshiriki kuwafundisha wanadamu kulichungua jua. Maana maisha yake yanajibu swali linalosumbua jamaa nyingi za Kikristo.

Swali lenyewe ni hili. Mzazi humpeleka mwanawe shule kwa jasho na kwa sala. Kijana hurudi na elimu nyingi, lakini pengine hurudi na wazo kwamba sasa hana budi kuchagua: ama elimu, ama imani. Padre Angelo Secchi hakuchagua hivyo. Alizishika zote mbili, na kuzishika kulimgharimu.

Alizaliwa mwezi wa Juni mwaka 1818 mjini Reggio Emilia, Italia, mtoto wa seremala. Mwaka 1833, akiwa na umri wa miaka 15, aliingia katika Shirika la Yesu mjini Roma, na mwaka 1847 akapewa Daraja Takatifu ya Upadre. Hata mwaka mmoja haukuisha, maasi yakazuka, na Wajesuiti wakafukuzwa Roma. Padre kijana alikimbilia Stonyhurst katika Uingereza, kisha akavuka bahari mpaka Georgetown katika Marekani. Huko hakukaa akililia nchi yake. Alifundisha, akajifunza zaidi habari za nyota, hali ya hewa na nguvu ya sumaku. Fukuzo likamgeukia kuwa shule.

Mwaka 1850, amani iliporudi, alikuwa amekwisha kabidhiwa jumba la kutazamia nyota la Chuo cha Roma, mahali pa Padre Francesco de Vico aliyefariki ugenini. Jumba la zamani halikufaa kwa darubini kubwa, kwa kuwa lilitikisika. Padre Secchi akatazama Kanisa la Mtakatifu Inyasi lililokuwa karibu. Wajenzi wake walikuwa wamesimamisha nguzo nene za kubeba kuba kubwa ambalo halikujengwa kamwe. Mahali pake palichorwa tu picha ya kuba darini. Juu ya nguzo hizo zisizotikisika Padre akajenga jumba jipya. Basi, chini ya paa watu walisali, na juu ya paa padre alichungua kazi ya Muumba.

Alitazama madoa ya jua, akayachora, akaupima ukali wa joto lake, akaonyesha kwamba doa lina joto dogo kuliko sehemu zilizolizunguka. Mwaka 1860 alisafiri mpaka Hispania jua lilipopatwa, na picha alizopiga zilisaidia kuthibitisha kwamba ndimi nyekundu zinazoonekana wakati huo ni za jua lenyewe, wala si za mwezi. Alitumia chombo cha kuigawa nuru katika rangi zake, akachungua nyota zipatazo 4,000 na kuzipanga kwa makundi. Kwa kazi hiyo ahesabiwa kati ya waanzilishi wa elimu ya maumbile ya nyota. Hata katika maziwa yetu ya Afrika ya Mashariki jina lake lajulikana: wachunguzi wapimao uangavu wa maji hushusha kisahani kiitwacho kwa jina lake, alichokitumia mwaka 1865 katika merikebu ya Baba Mtakatifu.

Tena alijenga nyumba ya kupimia nguvu ya sumaku ya dunia. Siku za kwanza za Septemba 1859 jua lilitoa mlipuko mkubwa, na muda wa saa 18 hivi baadaye sindano za sumaku zikayumba ulimwenguni kote. Zile za Roma nazo ziliyumba, Padre akaandika. Kisha, Jumapili tarehe 4 Februari 1872, mbingu ya Roma iligeuka nyekundu usiku. Mianga ya kaskazini ilikuwa imeshuka kusini sana, hata watu wa Khartoum katika Sudan waliiona. Wengi waliogopa. Padre Secchi aliitazama kwa utaratibu, akaiandika kama aandikavyo mganga habari za mgonjwa wake.

Leo twajua sababu yake vizuri zaidi. Jua likilipuka hurusha wingu la chembe zenye umeme. Baada ya siku moja mpaka tatu, wingu hilo huifikia dunia, na nguvu ya sumaku ya dunia huzielekeza chembe kwenye ncha za kaskazini na kusini. Huko hugonga hewa ya juu, umbali wa kilometa 100 na zaidi kutoka ardhini, nayo hewa hung'aa. Jambo hili si pambo tu. Mwezi wa Machi 1989 machafuko kama hayo yalizima umeme wa jimbo zima la Quebec katika Kanada kwa saa zipatazo tisa. Kwa hiyo wako watu walioajiriwa kulikesha jua usiku na mchana.

Twarudi kwa Padre wetu. Mwaka 1870 majeshi ya Italia yaliiteka Roma, na mwaka 1873 mali za mashirika ya kitawa zikatwaliwa. Serikali mpya ilimtaka sana mtaalamu huyu. Ilimtolea vyeo: kuwa mkuu wa majumba yote ya nyota ya Italia, na hata kuwa mjumbe wa Baraza kuu. Alitakiwa tu aache kumtii Papa na Shirika lake. Fikirini jaribu hilo: kwa upande mmoja, zana bora, fedha na heshima, kwa upande mwingine, kanzu ya mtawa asiye na nyumba iliyo yake. Padre Secchi alikataa. Alikuwa tayari kuyaacha mabomba ya darubini aliyoyapenda kuliko kuiacha ahadi yake. Nao wenye mamlaka hawakuthubutu kumwondoa. Alibaki juu ya paa la Mtakatifu Inyasi mpaka kufa kwake, tarehe 26 Februari 1878, majuma matatu hivi baada ya Papa Pio IX.

Mwaka 2006 Wamarekani walirusha vyombo viwili angani vya kulichungua jua na milipuko yake. Kamera zilizomo humo zimepewa jina la Secchi. Hivyo mwana wa seremala angali akesha.

Wazazi wapenzi, msiogope vitabu vya watoto wenu. Mwekeeni kijana nguzo nene za imani tangu udogoni, kwa sala za nyumbani na kwa mfano wenu. Ukweli hauwezi kuupinga Ukweli, na juu ya nguzo kama hizo darubini yo yote yaweza kusimama bila kutikisika.