Kapteni Joubert: Askari Aliyezeeka Akishika Jembe

Vita vinapokwisha, majina ya majemadari huandikwa vitabuni na siku ya ushindi huwekewa sherehe. Askari mwenyewe huenda wapi? Watu wa Kagera wanalielewa swali hili kuliko wengi. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka wetu na kulivunja daraja la Kyaka, ambalo ndilo mlango wa kuingilia Karagwe na Kyerwa kwa atokaye Bukoba. Vita vilipokwisha mwaka uliofuata, waliobeba bunduki walirudi mmoja mmoja kwenye migomba na mibuni. Habari za mapigano yao zimesimuliwa mara nyingi, lakini habari za miaka yao iliyofuata ni chache mno. Hata hivyo ni katika miaka hiyo ndipo hujulikana kama vita vilimharibu mtu au vilimkomaza.

Kwa sababu hiyo yafaa tumkumbuke askari mmoja wa zamani, ambaye aliishi na kufa katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, ng'ambo ya Karema. Jina lake ni Leopold Louis Joubert. Wengi wamesikia jinsi alivyopigana na wateka watumwa, na wachache wamesikia jinsi alivyozeeka.

Joubert alizaliwa mwezi wa Februari mwaka 1842 huko Saint-Herblon, magharibi mwa Ufaransa, katika nchi ya wakulima walioshika dini kwa nguvu. Mwaka 1860, alipokuwa na miaka 18, alisikia kwamba nchi za Papa nchini Italia zinatekwa, akajiunga na vijana wa mataifa mbalimbali waliokwenda kumtetea Papa Pio IX. Mwaka uleule jeshi hilo dogo lilishindwa vibaya huko Castelfidardo. Baadaye vijana hao waliitwa Wazuavu wa Papa, na Joubert alipanda cheo kati yao hata akawa kapteni. Tarehe 20 Septemba 1870 majeshi ya mfalme wa Italia yalibomoa ukuta wa Roma, na Papa mwenyewe akaamuru bendera nyeupe ipandishwe ili damu isimwagike bure. Jeshi likavunjwa. Katika umri wa miaka 28 Joubert alikuwa askari wa vita vilivyoshindwa, asiye na jeshi tena.

Miaka kumi ilipita. Wakati huo Askofu Mkuu wa Algiers, Charles Lavigerie, ambaye baadaye alifanywa Kardinali, alikuwa akiwatuma Mapadre Weupe waliotoka mikononi mwake kwenda kwenye maziwa makuu ya Afrika. Ni shirika lilelile ambalo mwaka 1892 lilifungua misioni ya Kashozi karibu na Bukoba. Misafara ya kutoka pwani ilichukua miezi mingi, na njiani palikuwa na homa, njaa na mikuki. Padre hawezi kubeba bunduki. Basi Lavigerie akawaomba Wazuavu wa zamani wawasindikize mapadre. Kadhaa waliitika, na si wachache waliokufa mapema. Mwezi wa Mei 1881, huko Rumonge katika nchi ya Burundi, mapadre Deniaud na Augier waliuawa pamoja na msaidizi wao D'Hoop. Joubert, aliyefika Afrika na msafara wa mwaka 1880, alijua basi bei ya kazi aliyoikubali.

Baada ya miaka michache alirudi Ulaya. Angeweza kubaki huko, kwani hakuna ambaye angemlaumu. Lakini aliomba kurudi, na mwishoni mwa mwaka 1886 akafika Karema. Tangu siku hiyo hakuiona Ulaya tena.

Mambo yalikuwa yamebadilika. Mwaka 1885 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alikuwa amewaachia Mapadre Weupe vituo viwili vya ziwani, Karema upande wa mashariki na Mpala upande wa magharibi. Pamoja na majengo, mapadre walirithi pia mamlaka. Watu waliotoroka utumwa na vijiji vilivyoogopa kuchomwa moto vilikimbilia kuta za misioni. Wafanyabiashara wenye nguvu, na mkubwa wao akiwa Rumaliza wa Ujiji, walizunguka ziwa lote wakitafuta watu na pembe. Mwaka 1887 Joubert alivuka ziwa, akakabidhiwa ulinzi wa Mpala. Aliwafundisha vijana wa nchi kutumia silaha, akasikiliza mashauri yao na kukata kesi zao. Baadaye alihamia Mrumbi, kusini zaidi, akakiita kituo chake Mtakatifu Luis.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Vita vya Abushiri, vilivyoanza pwani mwaka 1888, viliharibu njia za misafara, na baruti ikawa adimu. Mara kadhaa watu wa Mrumbi walijiona wamezungukwa. Msaada ulifika mwezi wa Oktoba 1891, wakati Kapteni Jacques, aliyetumwa na chama cha Wabelgiji cha kupinga utumwa, alipofika na watu wake. Mwanzoni mwa mwaka 1894 nguvu za Rumaliza zilivunjwa na majeshi ya Dola ya Kongo, na uwindaji wa watu katika mwambao ule ukakoma.

Ni haki kusema pia lililo gumu. Mamlaka ya Joubert yalikuwa mamlaka ya bunduki, na hakuna mtu wa Mpala wala Mrumbi aliyeulizwa kama anamtaka mtawala kutoka ng'ambo. Lavigerie alitamani kuona ufalme wa Kikristo ukisimama katikati ya Afrika, na tamaa hiyo ilichanganya mambo ya altare na mambo ya enzi kwa namna ambayo Kanisa lenyewe limejifunza kuiogopa. Dola iliyokuja kumwokoa ilikuwa ya Leopold, ambayo nayo ilitesa watu wengi kwa ajili ya mpira na pembe. Anayemsifu Joubert bila kuyasema haya humfanya sanamu, na sanamu haimfundishi mtu.

Basi ni nini kilichomtofautisha na mabwana wengine wenye bunduki waliopita Afrika nyakati zile? Jibu ni kwamba hakupita. Februari 1888, wakati vita vilikuwa bado, alifunga ndoa ya kanisani na Agnes Atakao, binti wa nchi ile. Wazungu wengi wa siku zile waliishi na wanawake Waafrika kwa siri na kuwaacha siku ya kuondoka. Joubert alisimama mbele ya altare, akampa Agnes jina lake mbele ya watu wote, akakaa naye mpaka kufa. Watoto wao walizaliwa na kulelewa palepale ziwani.

Tena, Dola ilipoanza kuweka watawala wake, Joubert hakung'ang'ania enzi. Aliyekuwa amiri na hakimu akawa mkulima na baba wa nyumba. Vita vyake vya ziwani vilikuwa vya miaka saba hivi. Maisha yake ya jembe yalidumu zaidi ya thelathini. Hakuna vita katika miaka hiyo, na kwa sababu hiyo waandishi wengi huiruka. Lakini hapo ndipo palipokuwa na kazi ya kuamka kila asubuhi bila adui, bila sifa, na bila tumaini la kurudi kwao.

Majaribu nayo hayakukosa. Ugonjwa wa malale uliingia mwambao wa Tanganyika na kuua watu kwa wingi, na karibu na mwaka 1910 ikawa lazima kuihama Mrumbi. Mzee huyo, akikaribia miaka 70, aliuacha mji alioujenga na kuulinda, akahamia karibu na Moba pamoja na watu wake. Kilichokuwa kimeshindikana kwa bunduki za Rumaliza kilifanywa na ndorobo. Kisha macho yake yakafifia, hata akawa kipofu. Yule aliyeishi kwa shabaha na kwa kutazama upeo wa ziwa akawa mtu wa kushikwa mkono. Akafa tarehe 27 Mei 1927, mwenye umri wa miaka 85.

Habari hii ina mlango mmoja zaidi. Mwaka 1908, Joubert akiwa na miaka 66, Agnes alimzalia mwana aliyeitwa Albert. Mtoto huyo hakuwa ametimiza miaka 19 baba yake alipofariki. Alifanywa padre, akahudumu katika mashariki ya Kongo. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, aliuawa kwa risasi huko Fizi pamoja na Padre Giovanni Didonè, mmisionari Mwitaliani. Siku hiyohiyo wenzao wawili waliuawa huko Baraka. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kanisa liliwatangaza wote wanne kuwa Wenyeheri.

Baba alishika bunduki ili mapadre wasiuawe. Mwana akawa padre, hakushika bunduki, akauawa. Mtu anaweza kudhani kwamba kazi ya baba ilipotea, sivyo. Bunduki ya Kapteni ilizuia maovu kwa miaka michache, nayo hiyo ndiyo kazi yote iwezayo bunduki. Yule mwana alitoka katika nyumba ile ya ndoa ya kweli, sala na shamba, katika ile miaka ambayo hakuna mtu aliyeiandika.

Kwa familia zetu zenye babu au baba aliyerudi kutoka vitani, somo liko wazi. Tusimwulize tu alipigana wapi. Tumwulize pia alipanda mgomba wa kwanza mwaka gani, aliwasomesha vipi watoto wake, na alimzika nani. Tumwulize akiwa bado hai, na tuyaandike, ili wajukuu wajue kwamba amani nayo ilikuwa na askari wake.