Turcat: Rubani aliyekimbizana na kivuli cha Mwezi

Jua lilipopatwa Juni 30, 1973, Theta, karibu na Ruiru, ilipata kupatwa kwa sehemu tu. Giza kamili lilipita kaskazini, Ziwa Turkana. Saa chache kabla, rubani Mfaransa André Turcat alikuwa amelifukuza giza hilo hilo kutoka Las Palmas hadi Chad.

Mzaliwa huyo wa Marseille, aliyeirusha Concorde kwa mara ya kwanza mwaka 1969, angechelewa kidogo tu angekikosa kivuli. Hakuchelewa. Akienda zaidi ya kilomita 2,000 kwa saa, alikaa gizani dakika 74. Ardhini hazikuzidi saba na ushei. Kupitia madirisha yaliyotobolewa paani, Pierre Léna na wenzake walipima joto la vumbi linalolizunguka Jua, ambalo mng'ao hulificha siku zote. Turcat alifariki dunia Januari 2016, akiwa na miaka 94.