FUMO LIYONGO: BINGWA WA UPINDE NA MTEGO WA MKOMA

Utangulizi

Miongoni mwa mashujaa wa fasihi ya Kiswahili, ni wachache walioimbwa na kusimuliwa kwa muda mrefu kama Fumo Liyongo. Jina lake lilipata sifa katika pwani ya kaskazini ya Kenya, baina ya kisiwa cha Pate na mlango wa mto Tana, nalo limevuka nchi nzima hadi upande wake wa pili. Katika shule za upili za Busia na Malaba, mpakani na Uganda, vizazi vya wanafunzi vimefundishwa habari zake kama mfano bora wa mighani. Aghalabu huwekwa kando ya Luanda Magere wa Wajaluo, ambaye siri ya nguvu zake ilikuwa kivulini mwake. Mashujaa hao wawili hawakushindwa na jeshi. Kila mmoja aliangushwa na mtu wa nyumbani mwake, Magere na mkewe na Liyongo na mwanawe.

Wataalamu hawajaafikiana kuhusu enzi ya Liyongo. Wapo wanaomweka katika karne ya 9, na wapo wanaomsogeza hadi karne ya 17. Habari zake zilichapishwa kwa nathari na Edward Steere katika mkusanyiko wa hadithi za Kiswahili wa mwaka 1870. Mnamo 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu aliziandika kwa umbo la utenzi. Mpangilio wa matukio hutofautiana kati ya usimulizi mmoja na mwingine, lakini nguzo zake ni zile zile: wivu wa mtawala, kifungo, mti, sindano na kisima. Upinde wa shujaa unaonekana mara mbili katika nyakati zenye uzito mkubwa kuliko zote, nao ndio unaofuatwa hapa.

Umbo lake na sifa zake

Liyongo, mwana wa Mbwasho, anasimuliwa kuwa mtu wa kimo kisicho cha kawaida, mwenye nguvu, shabaha na ulimi wa kishairi. Neno fumo lenyewe lina maana ya mkuki, na pia lilikuwa cheo cha watawala wa pwani ile. Umaarufu wake uliwafikia Wagala wa bara, ambao mfalme wao alitamani kupata mbegu ya shujaa huyo katika ukoo wake. Liyongo alipoitwa Pate ili waonane naye, alikwenda kwa siku moja mwendo ambao wengine waliutembea kwa siku nne. Alipopuliza panda yake, wageni walitetemeka. Walipoona kinu, mchi na vyungu vikitoka katika mfuko aliouchukua begani, shaka yao iliisha. Wakamwoza binti, naye akazaa mtoto wa kiume.

Sifa hizo hizo ndizo zilizomponza. Mringwari, sultani wa Pate na jamaa yake wa karibu, aliona kwamba mtu anayependwa na watu na kuogopwa na majirani hatakosa kukitamani kiti. Tangu hapo akawa anatafuta njia ya kumwondoa.

Kifungo

Sultani alimtia Liyongo gerezani, akamfunga kwa minyororo. Mjakazi Saada ndiye aliyempelekea chakula kutoka kwa mama yake, lakini walinzi walikichukua kila kilichokuwa kizuri na kumwachia makombo. Kwa wimbo uliofumbwa, Liyongo alimwagiza mama yake aoke mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Walinzi waliudharau mkate wa wishwa, ukamfikia mfungwa. Alipoulizwa haja yake ya mwisho, aliomba apigiwe ngoma ya gungu. Watu walipokuwa wakicheza na vyombo kulia, sauti ya tupa juu ya chuma haikusikika. Ngoma ilipopamba moto, minyororo ilikuwa imekatika, na Liyongo akatokomea mwituni.

Mtego wa mkoma

Huko mwituni aliishi na wawindaji, wakiwemo Wasanye na Wadahalo, watu ambao upinde kwao ni riziki na mishale yao hupakwa sumu ya mti. Sultani aliwafikia kwa ahadi ya fedha. Wawindaji hao walijua kwamba kumkabili Liyongo ana kwa ana ni kujitakia mauti, kwa hiyo wakabuni hila. Walianzisha kikoa cha kula makoma, ambapo kila siku mmoja wao alipanda mti na kuwaangushia wenzake matunda. Zamu ya Liyongo ikifika, angepanda naye, na wote waliobaki chini wangemmiminia mishale.

Hila hiyo ilijengwa juu ya ujuzi wa kweli wa uwindaji. Mtu aliyeketi juu ya dungu, miguu ikiwa imetulia na mikono ikiwa huru, ana nguvu juu ya aliye chini, kwa kuwa anaona mbali na mnyama hatazami juu. Lakini mtu anayepanda mti hayuko katika hali hiyo. Mikono yake imeshika shina, upinde wake umeachwa chini, mgongo wake uko wazi, wala hana pa kukimbilia. Urefu ule ule unaompa mwindaji ushindi humgeuza mpandaji kuwa windo.

Liyongo hakupanda. Zamu yake ilipofika, alisimama chini ya mkoma, akavuta upinde na kuyaangusha makoma kwa mishale. Sharti la kikoa likatimia bila yeye kunyanyua mguu. Wawindaji waliokuwa wakimtazama walielewa uzito wa kitendo hicho kuliko mtu mwingine yeyote. Kulenga juu si sawa na kulenga mbele. Uzito wa mshale huushusha kwa kadiri ya umbali wa usawa uliopo baina ya mpigaji na shabaha, si kwa kadiri ya urefu wa mstari wa jicho. Kwa sababu hiyo, anayepiga juu sana, au chini sana akiwa mtini, akilenga kama alivyozoea uwanjani, mshale wake hupita juu ya shabaha. Tena hana budi kujikunja kiunoni. Akiinua au kushusha mikono peke yake, mvuto wa kamba hupungua na mshale hupotea. Wawindaji walikata tamaa, wakamrudishia sultani habari kwamba kazi hiyo haiwezekani.

Sindano na kisima

Mringwari aligeukia nyumba ya Liyongo. Alimwahidi mwanawe cheo na ndoa ya binti wa kifalme iwapo angegundua kinachoweza kumuua baba yake. Kijana akaenda, akauliza. Liyongo alihisi kwamba mwanawe ametumwa, akamtahadharisha kuwa waliomtuma wanamdanganya. Hata hivyo, alimwambia ukweli: hauawi ila kwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Kijana aliingoja siku ambayo baba yake angelala usingizi mzito, akamchoma.

Liyongo aliamka na maumivu, akautwaa upinde wake, akaenda hadi kisimani ambako watu wa mji waliteka maji. Hapo akapiga goti, akatia mshale, akavuta kamba, na katika hali hiyo akakata roho. Waliokuja na vyombo vyao walimwona ameelekeza upinde, wakakimbia. Siku zikapita mji ukiwa na kiu, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kusogea. Mbwasho aliletwa ambembeleze mwanawe kwa nyimbo, akidhani ameghadhibika. Hakujibiwa. Mwishowe mwili ulianguka, na sindano ikaonekana kitovuni. Mwana msaliti hakupata alichoahidiwa. Alidharauliwa na wale wale waliomtuma, akafa kwa maradhi. Kaburi la Liyongo linanasibishwa na Ozi, karibu na Kipini.

Hitimisho

Maisha ya Liyongo yanapima aina mbili za hatari. Chini ya mkoma aliwasoma wenzake kama mwindaji asomavyo nyayo, akaepuka kuuacha upinde wake. Mbele ya mwanawe aliusoma mtego vilevile, ila safari hii akachagua kusema kweli. Hakukosa maarifa; alikosa moyo wa kumwona mwanawe kama adui. Ndiyo maana msomaji wa Pate na yule wa Malaba humlilia kwa pamoja. Hata hivyo, sultani hakuupata ushindi alioutaka. Upinde uliovutwa na mkono uliokwisha kufa uliuzuia mji mzima usinywe maji, na watu wa Mringwari wakamwogopa marehemu kwa siku nyingi kabla ya kujua kwamba wamemshinda.