Harry Ferguson: Kutoka plau la Belfast hadi gari la kwenye theluji

WAKULIMA wengi wa Tanzania na Kenya wanalijua jina la Ferguson kutokana na maandishi yaliyo ubavuni mwa trekta jekundu la Massey Ferguson. Wasilolijua wengi wao ni kwamba mwenye jina hilo alitumia miaka 10 ya mwisho ya maisha yake akihangaikia jambo jingine: gari la familia ambalo injini yake inasukuma matairi yote manne, ili dereva wa kawaida asiteleze kwenye barabara yenye maji, matope au theluji.

Leo mtu anayeishi Toronto, Oslo au Sapporo akienda kununua gari dogo la aina ya RAV4, analazimika kuamua kama anataka linalosukumwa na matairi mawili au manne. La manne ni ghali zaidi, ni zito zaidi na kwa kawaida linakula mafuta zaidi. Swali hilo la gharama na faida ndilo ambalo Ferguson alishindwa kuwajibu wenye viwanda vya magari wa wakati wake wakaridhika.

Henry George Ferguson alizaliwa Novemba 4, 1884, Growell, County Down, kaskazini mwa Ireland. Alikuwa mtoto wa nne kati ya 11 wa mkulima aliyekuwa mkali wa dini. Kazi za shamba hakuzipenda hata kidogo, na mwaka 1902 alikwenda Belfast kujiunga na kaka yake Joe aliyekuwa na gereji. Huko ndiko alikojifunza injini. Alishiriki mashindano ya pikipiki na magari, kisha akatengeneza ndege yake mwenyewe na kuirusha Desemba 31, 1909, umbali wa mita 120 hivi. Alikuwa mtu wa kwanza kuruka kwa ndege ya injini nchini Ireland. Mwaka 1911 alifungua biashara yake ya magari.

Trekta lilimjia kupitia vita. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Uingereza ilihitaji chakula, na mwaka 1917 Ferguson na fundi wake, Willie Sands, walipewa kazi ya kuzunguka Ireland kuangalia jinsi ya kuboresha matumizi ya matrekta. Walichokiona kiliwasikitisha. Trekta la siku hizo lilikuwa zito, likikokota plau kwa mnyororo au chuma kama ng'ombe anavyokokota mkokoteni. Uzito wote ule ulikuwa wa nini? Ulikuwa wa kuyafanya matairi ya nyuma yashike ardhi, kwa sababu trekta jepesi lingezungusha magurudumu papo hapo. Lakini uzito huo uligandamiza udongo na kupandisha bei ya trekta.

Kulikuwa na hatari kubwa zaidi. Plau likigonga mwamba au kisiki, magurudumu ya nyuma yalikwama huku injini ikiendelea kusukuma, na trekta likainuka mbele na kupinduka kinyumenyume juu ya dereva. Trekta la Fordson, lililotengenezwa na kampuni ya Henry Ford, liliua wakulima kwa namna hiyo.

Jibu la Ferguson lilikuwa kulifanya trekta na plau kuwa kitu kimoja. Zana ilifungwa nyuma ya trekta kwa mikono mitatu, miwili ya chini na mmoja wa juu, ikiinuliwa na kushushwa kwa haidroliki. Plau likivutwa na udongo, nguvu ile iliongeza uzito kwenye magurudumu ya nyuma, na mkono wa juu ukasukuma mbele na kuzuia pua ya trekta isiinuke. Kwa maneno mengine, mshiko uliokuwa ukinunuliwa kwa tani za chuma sasa ulipatikana bure kutoka kwenye kazi yenyewe. Hataza ya kudhibiti kina cha plau kwa haidroliki aliipata mwaka 1926. Ukiangalia nyuma ya karibu trekta lolote la shamba leo, la kampuni yoyote, utaiona mikono hiyo mitatu.

Ferguson alikuwa na hoja ya kiuchumi pia, na aliirudia kila alipopata wasikilizaji. Farasi hula mwaka mzima, awe amelima au hakulima, na ardhi inayolisha farasi hailishi watu. Kwa hiyo trekta rahisi la mkulima mdogo lingeshusha bei ya chakula, na bei ya chakula ikishuka bidhaa nyingine zingefuata. Sehemu ya pili ya hoja hiyo inajadilika. Ya kwanza ilikuwa sahihi.

Trekta la kwanza kuuzwa likiwa na mfumo huo lilitengenezwa Uingereza na David Brown kuanzia mwaka 1936, lakini wawili hao hawakuelewana. Oktoba 1938 Ferguson alilipeleka Marekani, akalijaribu mbele ya Henry Ford mwenyewe huko Dearborn. Wazee hao wawili walikubaliana kwa kupeana mikono tu, bila mkataba wa maandishi. Ford angetengeneza, Ferguson angeuza. Trekta lao lilitoka mwaka 1939, na zaidi ya 300,000 yalitengenezwa.

Henry Ford alifariki dunia Aprili 1947. Mjukuu wake, Henry Ford II, aliyekuwa tayari ameshika kampuni, alikuta hesabu za matrekta zina hasara ya mamilioni ya dola. Mwaka huo huo alivunja ushirika, akaanza kuuza trekta lake mwenyewe lenye mikono ile ile mitatu. Ferguson alikwenda mahakamani mwaka 1948 akidai dola milioni 251. Kesi ilichukua miaka minne, na Aprili 1952 alikubali dola milioni 9.25. Makubaliano ya mdomo kati ya watu wanaoaminiana yalidumu kadiri mmoja wao alivyodumu. Hilo mkulima yeyote aliyewahi kukodisha shamba kwa maneno matupu atalielewa bila kuelezwa.

Wakati kesi ikiendelea, trekta lake dogo la kijivu, TE20, lilikuwa likitengenezwa Coventry na kampuni ya Standard. Kati ya 1946 na 1956 yalitoka matrekta zaidi ya 517,000. Mwaka 1953 Ferguson aliunganisha biashara yake na Massey-Harris ya Kanada kwa hisa zenye thamani ya dola milioni 16. Kulikuwa na ubishi wa dola milioni moja juu ya bei hiyo. Ukamalizwa kwa kurusha sarafu, na Ferguson akashindwa. Mwaka uliofuata aliondoka.

Matrekta hayo ndiyo yaliyokutana na theluji kwa namna iliyotangaza jina lake duniani. Januari 4, 1958, Edmund Hillary na wenzake kutoka New Zealand waliingia Ncha ya Kusini wakiendesha matrekta matatu ya Ferguson, baada ya safari ya kilomita 2,000 hivi juu ya barafu. Lakini hawakwenda kwa magurudumu matupu. Matrekta yalifungwa minyororo mipana kama ya kifaru, kwa kuwa trekta lile lilisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, na kwenye theluji laini yangejichimbia shimo.

Kufikia wakati huo Ferguson alikuwa tayari na kampuni nyingine, Harry Ferguson Research, aliyoianzisha mwaka 1950 pamoja na madereva wa mashindano, Tony Rolt na Freddie Dixon. Wazo lilitoka kule kule kwenye plau. Kila tairi lina kiasi fulani tu cha mshiko. Ukiyaachia matairi mawili kazi yote ya kusukuma, yatateleza mapema, lakini ukiyagawia manne, kila moja linabeba nusu ya mzigo ule. Tatizo ni kwamba kwenye kona matairi ya mbele na ya nyuma hayaendi mwendo mmoja. Inahitajika difu ya katikati, na difu hiyo lazima izuiwe isipeleke nguvu yote upande unaoteleza. Hapo ndipo akili za mafundi wake zilipotumika.

Ferguson aliona pia jambo ambalo wanunuzi wengi wa nchi za theluji hulisahau hadi leo. Kusukumwa na matairi manne kunasaidia gari kuondoka na kupanda mlima. Hakusaidii kusimama, kwa maana kila gari, hata la bei ndogo, hufunga breki kwa matairi yote manne. Ndiyo maana mradi wake uliunganisha mfumo huo na breki za Maxaret za Dunlop, zilizotokana na ndege, ambazo hazikubali tairi lijifunge na kuserereka.

Viwanda vilimsikiliza, vikasifu, havikununua. Gharama ilikuwa kubwa, na wanunuzi hawakuwa wakiidai teknolojia hiyo. Fedha zilizotoka kwenye matrekta ziliendelea kuingia humo. Ferguson, aliyekuwa akisumbuliwa na kukosa usingizi na huzuni nzito, alikutwa amefariki nyumbani kwake Abbotswood, Gloucestershire, Oktoba 25, 1960, kutokana na dawa za usingizi zilizozidi kipimo. Uchunguzi haukuamua kama alikusudia.

Hata mwaka haukupita. Septemba 23, 1961, Stirling Moss alishinda mbio za Oulton Park kwenye mvua akiendesha gari la Ferguson P99. Hakuna gari jingine la matairi manne lililowahi kushinda mbio za Formula One. Mwaka 1966 kampuni ya Jensen ilitoa FF, gari la barabarani lenye mfumo wa Ferguson pamoja na Maxaret. Yalitengenezwa kama 320 tu. Usukani wake haukuweza kuhamishiwa kushoto, kwa hiyo soko la Marekani lilifungwa tangu mwanzo. Kwa biashara, hilo pekee lilitosha kuliua.

Subaru ya Japan ilifika kwa njia yake. Mwaka 1972 ilitoa Leone ya matairi manne, baada ya kampuni ya umeme ya Tohoku kutaka gari la mafundi wake wanaofanya kazi kwenye theluji. Lakini Rolt hakuacha. Kampuni yake, FF Developments, iliendeleza sahani nyembamba zinazozunguka ndani ya mafuta mazito ya silikoni. Upande mmoja ukianza kuteleza, mafuta hupata joto na kupeleka nguvu upande wa pili, bila dereva kugusa kitu. Kifaa hicho kilifungwa kwenye AMC Eagle ya Marekani iliyotoka mwaka 1979, gari la familia lililoinuliwa juu, na baadaye vifaa vya aina hiyo vilienea kwenye magari mengi madogo, yakiwemo baadhi ya matoleo ya mwanzo ya RAV4.

Magari mengi ya namna hiyo yaliyonunuliwa kwa ajili ya theluji ya Japan yameishia Dar es Salaam na Mombasa. Mnunuzi achungulie chini kama kuna kutu, kwa sababu barabara za huko humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Na akibadilisha matairi, abadilishe yote manne kwa saizi moja. Tairi jipya likichanganywa na lililoisha hayazunguki sawa, na sahani zile zitafanya kazi mchana kutwa kwenye lami kavu mpaka ziungue.