Muuza Vitambaa Aliyechungulia Tone la Damu: Maisha ya Antonie van Leeuwenhoek



Ndugu zangu, ukurasa huu umezoea kutuletea maisha ya Masahaba, maimamu wa madhehebu na wanazuoni wetu. Zamu yangu ilipofika, wengi walitegemea kwamba mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu ataandika juu ya Imamu Shafi au Imamu Ghazali. Mimi nimeleta Mholanzi, Mkristo, muuza vitambaa ambaye hakusoma chuo kikuu hata siku moja. Sababu yangu ni mdogo wangu wa kike.

Nyumbani kwetu ni Arua. Mdogo wangu huyu, tangu akiwa mtoto mchanga, vidole vyake vilikuwa vikivimba na miguu ikimuuma mpaka analia usiku kucha. Majirani walisema amepatwa na jicho. Wakati huo mimi nilikuwa nimemaliza sekondari na nimehifadhi juzuu kadhaa, na nyumbani walishaanza kuniita shehe. Nilimwambia mama tuendelee na kisomo, habari ya hospitali tutaitazama baadaye. Miezi ikapita. Usiku mmoja macho yake yakageuka manjano na pumzi ikawa inamkata, tukampakia kwenye bodaboda mimi na mama. Vipimo vilionyesha ana selimundu. Alhamdulillahi, alinusurika. Daktari alipouliza kwa nini tumechelewa, mama hakujibu, aliniangalia mimi.

Nilipofika chuoni, mwenzangu wa hosteli anayesoma bayolojia alinichukua siku moja baada ya Alasiri akanipeleka maabara. Alinionyesha vioo viwili chini ya hadubini. Katika cha kwanza chembe nyekundu za damu zilikuwa duara, zimebonyea katikati kama kitumbua kilichofinywa kwa vidole. Katika cha pili baadhi yake zilikuwa zimepinda na kuchongoka kama mundu. Nilikaa pale hadi Magharibi ikakaribia. Nilimuuliza ni nani aliyezichunguza chembe hizi mwanzo, naye akanitajia jina ambalo ulimi wangu ulishindwa kulitamka. Nilipozoea nikajua kwamba hutamkwa karibu na Levenhuk.

Antonie van Leeuwenhoek alizaliwa tarehe 24 Oktoba 1632 katika mji wa Delft, Uholanzi. Baba yake alikuwa msuka vikapu. Alikufa Antonie akiwa bado mtoto mdogo, kwa hiyo mwanachuoni wetu wa leo alikua yatima. Mama yake aliolewa tena. Alipofika umri wa miaka 16 alipelekwa Amsterdam kujifunza kazi katika duka la vitambaa. Hakufundishwa Kilatini, na enzi zile Ulaya mtu asiyejua Kilatini alihesabiwa kuwa nje ya mlango wa elimu, kama vile kwetu mtu asiyejua Kiarabu anavyoona taabu kuingia katika vitabu vya fiqhi.

Mwaka 1654 alirudi Delft, akaoa, akafungua duka lake mwenyewe la vitambaa. Mke wake wa kwanza, Barbara, alimzalia watoto watano, lakini aliyekua ni binti mmoja tu, Maria. Barbara naye akafariki mwaka 1666. Alioa tena mwaka 1671, na mke huyo wa pili pia alitangulia kufa. Maria ndiye aliyekaa na baba yake hadi mwisho.

Riziki yake haikutoka dukani pekee. Tangu mwaka 1660 aliajiriwa na baraza la mji kusimamia ukumbi wa mahakimu, baadaye akapata cheti cha upimaji ardhi, na mwaka 1679 akawa mkaguzi wa vipimo vya mapipa ya mvinyo, kazi ambayo sisi tungeikimbia. Hizi zilikuwa kazi za kumlisha, na muda uliobaki aliutumia kwenye vioo.

Wauza vitambaa walikuwa na desturi ya kutumia kioo cha kukuzia ili kuhesabu nyuzi na kujua ubora wa nguo. Leeuwenhoek akajifunza kutengeneza vioo vyake mwenyewe, vidogo kama punje, vilivyosafishwa kwa uangalifu mkubwa. Alikibana kioo kimoja kati ya bamba mbili ndogo za shaba au fedha, na upande wa pili akaweka sindano ya kushikilia kitu anachotaka kukitazama, yenye skrubu za kukisogeza. Chombo chote kilienea kiganjani. Ilibidi akisogeze karibu kabisa na jicho na kuelekea kwenye mwanga. Kimoja kilichobaki hadi leo hukuza kitu zaidi ya mara 260, na katika zama zake hapakuwa na aliyemfikia. Alitengeneza mamia ya vioo vya namna hiyo. Siri ya vile vilivyo bora kabisa hakumpa mtu.

Kabla yake, Robert Hooke wa Uingereza alikuwa ametoa kitabu chake maarufu mwaka 1665, na ndani yake alichora kipande cha koki kilichojaa vitundu vitupu. Vilimkumbusha vyumba vidogo, akavipa jina ambalo kwa Kiswahili limetufikia kama seli. Lakini alichokiona Hooke kilikuwa kuta za mmea uliokwisha kufa, kama mtu anayetembelea nyumba baada ya wenyewe kuhama. Leeuwenhoek ndiye aliyewakuta wenyeji wamo ndani.

Mwaka 1673 tabibu wa Delft aliyeitwa Reinier de Graaf alimwandikia katibu wa Jumuiya ya Kifalme ya London kumtambulisha jirani yake. Tangu hapo Leeuwenhoek alituma barua, moja baada ya nyingine, kwa muda wa miaka 50. Aliziandika kwa Kiholanzi cha sokoni, na huko London zikafasiriwa.

Mwaka 1674 alichota maji ya ziwa karibu na mji wake akaona ndani yake viumbe vidogo na nyuzi za kijani zilizojipinda. Mwaka huohuo alieleza chembe nyekundu za damu. Mholanzi mwenzake, Jan Swammerdam, alikuwa ameziona kabla yake, lakini Leeuwenhoek alikwenda mbali zaidi, akazikadiria ukubwa kwa kuzilinganisha na punje ya mchanga. Kisha mwaka 1675 akaandika jambo ambalo nilipolisoma niliweka kitabu chini. Alieleza kwamba kwa mtu mwenye afya chembe hizi lazima ziwe laini na zenye kunyumbuka, kwa sababu zinapopita kwenye mishipa myembamba hurefuka, na zikitoka mahali penye nafasi hurudia uduara wake. Zaidi ya miaka 300 kabla ya mdogo wangu kuzaliwa, muuza vitambaa huyu alikuwa ameshataja jambo lile ambalo damu yake imelikosa.

Katika barua ya Oktoba 1676 alisema ameona ndani ya maji viumbe vidogo kiasi kwamba maelfu kwa maelfu wangeenea katika tone moja. London hawakuamini. Hapa sisi tunaosoma mustalah ya hadithi tunajikuta nyumbani, maana swali lilikuwa lile letu: habari imetoka kwa mtu mmoja, je, ipokelewe? Leeuwenhoek alitafuta mashahidi waadilifu wa mji wake, wakiwemo wachungaji wa kanisa, watazame kwa macho yao na waweke ushahidi kwa maandishi. Jumuiya nayo haikutosheka na uadilifu wa mashahidi. Majaribio ya mwanzo huko London hayakufaulu, ndipo Hooke akarudia kazi hiyo mwaka 1677 hadi akawaona viumbe wale yeye mwenyewe, na habari ikathibiti kwa njia nyingine. Mwaka 1680 muuza vitambaa akachaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ile, ingawa hakuhudhuria hata kikao kimoja.

Mwaka 1683 alikwangua utando mweupe wa meno akakuta viumbe wakiogelea. Tunaowajua leo kwa jina la bakteria ndio hao. Alionyesha kwamba viroboto na wadudu wa nafaka huzaliwa na wazazi wao, hawatokei tu kwenye vumbi na uchafu kama watu walivyodhani. Kila alipoona ufundi katika kiumbe kidogo, aliutaja utukufu wa Muumba. Mwaka 1698 Peter Mkuu wa Urusi alipopita Uholanzi aliomba aonyeshwe vioo vyake.

Si kila alilosema lilikuwa sahihi. Alishikilia kwamba kila chembe nyekundu imeundwa kwa vijichembe sita vidogo zaidi, na alikosea. Utando unaoizunguka seli hakuwahi kuuona, wala hangeweza, kwani unene wake ni chini ya sehemu moja katika laki moja ya milimita. Ilisubiriwa hadi mwaka 1925. Hapohapo Uholanzi, katika mji wa Leiden usio mbali na Delft, Gorter na Grendel walichukua chembe nyekundu, wakatoa mafuta yake na kuyatandaza juu ya maji. Eneo lake lilikuwa kama mara mbili ya eneo la chembe zenyewe. Wakafahamu kwamba utando ni tabaka mbili za mafuta zilizolaliana.

Mwenzangu wa bayolojia alinifafanulia hivi. Kila molekuli ya mafuta hayo ina kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakimbia. Vichwa hutazama nje na ndani, mikia hufichana katikati. Katika tabaka hizo zimepachikwa protini, nyingine zikiwa milango na nyingine pampu. Oksijeni hupenya bila kuulizwa, chumvi na sukari lazima zipite mlangoni, kama sisi tunavyosimamishwa na askari wa geti akitaka kitambulisho. Utando ukipasuka, seli imekufa. Na tena si mgumu kama ukuta wa matofali, unateleza na kunyumbuka, ndiyo maana chembe yenye upana wa maikromita 7 au 8 huweza kujipenyeza kwenye mshipa mwembamba kuliko yenyewe.

Kwa mwenye selimundu, hemoglobini iliyomo ndani ya chembe ina kasoro ya kurithi. Oksijeni ikipungua, inajipanga kuwa nyuzi ngumu zinazousukuma utando mpaka chembe inapinda. Oksijeni ikirudi chembe hunyooka, lakini kila mara utando unaumia, na mwisho haunyooki tena. Chembe ya kawaida huishi kama siku 120, hii huishi siku 10 hadi 20 tu. Zikikwama kwenye mishipa midogo huleta yale maumivu niliyoyasikia kwa miaka nikiyaita jicho. Macho ya manjano yalitokana na chembe kuvunjika kwa wingi.

Leeuwenhoek alifariki tarehe 26 Agosti 1723, akiwa na miaka 90, na akazikwa katika Kanisa la Kale la Delft. Katika miezi yake ya mwisho alikuwa akieleza kwa barua ugonjwa uliokuwa ukimtetemesha misuli chini ya mbavu, akijichunguza mwenyewe kama alivyochunguza vitu vingine. Aliiusia Jumuiya ya London sanduku la hadubini 26 za fedha, na Maria akalituma.

Baadhi yenu mtaniuliza kama elimu hii ni ya kwetu. Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, alikuwa faqihi wa madhehebu yetu ya Shafi na alifundisha fiqhi, na ndiye aliyeeleza kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikapita mapafuni, ndipo ikafika upande wa kushoto. Fiqhi haikumzuia kuusoma moyo. Mimi nilikuwa na fiqhi kidogo kuliko yeye na nikajizuia mwenyewe.

Sisemi kisomo hakina nafasi. Mama bado anamsomea mdogo wangu kila usiku, na mimi nikiwa likizo humsomea. Nilichokosea ni kuipokea habari ya majirani bila kuithibitisha, mimi niliyefundishwa kwamba habari huthibitishwa kwanza, na kusahau kwamba Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kutafuta tiba. Nimemwomba mama radhi. Mdogo wangu sasa yuko darasa la nne, anakunywa maji mengi, anameza dawa zake kila siku na hakosi kliniki.

Jambo la mwisho ni kwenu mnaokaribia kuoa na kuolewa. Mtu anaweza kubeba kasoro hii na akawa mzima wa afya asijue. Wakioana wawili wa namna hiyo, katika kila mimba kuna uwezekano wa moja kwa nne kwamba mtoto atazaliwa na selimundu. Kipimo ni cha damu kidogo tu. Kabla wazee hawajakaa kuzungumza mahari, nendeni mkapime. Mimi nilipima muhula uliopita, nikakuta ninabeba. Kwa hiyo nami, inshaallah, siku yangu ikifika nitamwomba mwenzangu apime, na nitamweleza kwa nini.

Wabillahi tawfiq.