Frederick Jones, fundi asiye na diplome aliyeipa kamio baridi

Wakati wa kiangazi, barabara ya kutoka Kasongo kuja Salamabila haina huruma na gari. Vumbi jekundu linaingia kila mahali: kwenye filitre, kwenye radiatere, na katikati ya vile vibati vyembamba vya kondansere, kifaa cha mbele kinachotupa nje joto la klima. Halafu kuna mashimo na kutikisika kutwa nzima. Boliti zinalegea, tiyo zinasuguana na chuma, gazi inatoka kidogo kidogo. Siku moja shofere anawasha klima na inampulizia hewa ya moto.

Zamani mainjinia wengi waliamini kwamba mashini ya baridi ni kitu cha kukaa nyumbani au kwenye kiwanda tu. Ukiiweka juu ya magurudumu, walisema, itavunjika. Mtu aliyeonyesha kwamba inawezekana hakuwa na diplome ya injinia. Alikuwa Mmarekani mweusi, yatima, aliyeanza kazi kwa kufagia garaje. Jina lake Frederick McKinley Jones.

Mtoto wa kwa padri

Jones alizaliwa tarehe 17 mwezi wa tano mwaka 1893 huko Cincinnati, jimbo la Ohio. Baba alikuwa mzungu mfanyakazi wa reli, mama alikuwa mweusi, na mtoto hakulelewa naye. Baba alipoona kazi na malezi vinamshinda, alimpeleka kwa padri mmoja Mkatoliki wa Covington, ng'ambo ya mto, ili amlee na kumsomesha. Mtoto alikuwa na miaka kama saba au nane.

Kwa padri alipika, alisafisha, alikata majani. Shule hakuimaliza, alifika darasa la sita tu. Lakini kila kitu chenye skurubu kilimvuta, saa au mashini yoyote. Alikuwa anafungua ili aone ndani kuna nini, halafu anarudisha.

Akiwa na miaka karibu 11 alitoka kwa padri, akaenda kutafuta maisha peke yake. Garaje moja ya Cincinnati ikampa kazi ya kufagia. Wakati ule magari yalikuwa bado kitu kigeni hata Marekani kwenyewe, na watu wenye kuyajua walikuwa wachache. Mtoto huyu alifagia huku anaangalia mikono ya mafundi. Kabla ya kufika miaka 16 alikuwa amepanda mpaka kuwa msimamizi wa kazi za garaje ile. Alitengeneza hata magari ya mashindano, ingawa ngozi yake ilimfungia milango mingi ya Marekani ya siku zile.

Hallock, mji wa theluji

Mwaka 1912 Jones alifika Hallock, mji mdogo wa jimbo la Minnesota, karibu na mpaka wa Kanada. Alipewa kazi ya kutunza mashini kwenye shamba moja kubwa sana. Mchana anatengeneza trekta, usiku anasoma vitabu vya umeme. Hakuwa na profesa. Alijifunza kwa vitabu na kwa mashini zilizoharibika mbele yake.

Vita ya kwanza ya dunia ilipofika, alichukuliwa jeshini akapelekwa Ufaransa. Jeshi lilikuwa linawatenga weusi, lakini wakubwa wake waligundua haraka kwamba mtu huyu anaweza kuweka umeme kwenye kambi na kurudisha simu zilizokatika. Akapanda cheo mpaka sajenti.

Aliporudi Hallock, mji mzima ukawa garaje yake. Alitengeneza mtambo wa kurusha matangazo ya redio ya pale mjini. Daktari alipokuwa anashindwa kuwafikia wagonjwa wakati wa theluji, Jones alichukua mwili wa ndege ndogo, akaufunga vyuma vya kuteleza na panga la kusukuma, daktari akapata chombo cha kwenda vijijini. Halafu akamtengenezea mashini ya kupiga picha za mifupa inayobebeka, ili mgonjwa asisafirishwe mbali.

Lakini mashini ile ya picha hakuiandikisha. Hakwenda serikalini kuchukua hati ya kusema kwamba ubunifu huu ni wake. Wengine walikuja kupata pesa kwa mashini za namna ile, yeye hakupata kitu. Somo hilo lilimkaa.

Sinema, mbu na klima ya gari

Karibu mwaka 1930, mfanyabiashara wa Minneapolis aitwaye Joseph Numero alisikia habari za fundi wa Hallock aliyeweza kuiweka sauti kwenye picha za sinema kwa vifaa vya kuokoteza. Numero alikuwa anauza vifaa vya sinema, akamwajiri. Kwa kampuni hiyo Jones alibuni pia mashini ya kutoa tiketi, na safari hii hati ilichukuliwa.

Inasimuliwa kwamba usiku mmoja wa joto kali, mwaka 1937, Jones alikuwa amekaa ndani ya gari kando ya ziwa. Akifungua vioo, mbu wanamla. Akifunga, jasho linamtiririka. Akajiuliza kwa nini sinema ziko na mashini ya baridi na gari haina. Akatafuta vitabu, akachora klima ya gari. Numero alipoangalia bei akaona hakuna mtu atakayenunua. Mchoro ukawekwa pembeni.

Na kweli, klima za kwanza za gari hazikuwa raha. Kampuni ya Packard ilianza kuziuza mwaka 1939. Kifaa cha baridi kilikaa nyuma kwenye buti, na kompresere haikuwa na namna ya kuachana na kurua. Ukitaka kuizima unasimamisha motere, unafungua kapo, unatoa kurua kwa mkono. Bei ilikuwa ya matajiri, na baada ya muda mfupi Packard waliacha.

Kuku waliooza

Mwaka 1938 Numero alikuwa akicheza gofu na rafiki yake mwenye kamio za kubeba mizigo, Harry Werner. Werner alikuwa amepoteza mzigo mzima wa kuku. Wakati ule nyama ilisafirishwa juu ya barafu. Kamio ikiharibika njiani, barafu inayeyuka na mzigo unakwenda. Numero, kidogo kwa mzaha, akasema fundi wake anaweza kutengeneza mashini ya baridi ya kamio. Werner hakuchukua kama mzaha. Alileta kamio.

Jones aliingia ndani, akapima, akatoka na hesabu zake, akasema inawezekana. Mashini ya kwanza ilifungwa chini ya kamio. Ilikuwa nzito, na pale chini ilikula matope, mawe na vumbi lote la barabara. Shofere yeyote wa Kabambare anaweza kukisia iliishaje: ilichoka haraka.

Jones hakubishana na barabara. Alipunguza uzito, akafunga vifaa kwa namna ya kuvumilia kutikisika, kisha akaihamisha mashini mpaka mbele, juu, kwenye paji la sanduku la mzigo, mahali vumbi na matope havifiki kwa urahisi. Akaipa motere yake ndogo ya petroli, yenye kujiwasha joto likipanda na kujizima baridi ikitosha. Mpaka leo, ukiona kamio ya samaki au ya nyama ikipita na boksi kwenye paji la sanduku, unaona mahali Jones alipochagua.

Numero akauza biashara ya sinema, wakafungua kampuni ya baridi iliyokuja kujulikana kama Thermo King. Hati za ubunifu zilitoka kwa jina la Jones, lakini haki ya kutengeneza na kuuza ikabaki kwa kampuni. Mwaka 1949 biashara hiyo ilikuwa na thamani ya mamilioni ya dola. Watu wengi waliijua kampuni, fundi hawakumjua.

Damu na dawa

Wakati wa vita ya pili ya dunia, mashini zake zilihifadhi damu, dawa na chakula cha askari mbali na miji. Hapo ndipo inaonekana kwamba baridi ya barabarani si anasa. Chanjo nyingi zinatakiwa zikae kati ya digrii 2 na 8 tangu kiwandani mpaka kwenye mkono wa mtoto. Baridi ikikatika njiani, muuguzi anaweza kudunga sindano ambayo haina tena nguvu, na mama anarudi nyumbani akiamini mtoto amekingwa. Kwa teritware kama Kabambare, ambako chanjo inapita barabara mbovu na mara nyingi inamalizia safari juu ya pikipiki, ndani ya sanduku lenye barafu, jambo hili linajulikana vizuri. Hata makayabo kwenye soko la Salamabila ni ushahidi: mahali ambapo baridi haisafiri, samaki anasafiri kwa chumvi.

Mwaka 1944 Jones alichaguliwa kuwa mwanachama wa chama cha mainjinia wa mashini za baridi cha Marekani, mweusi wa kwanza kuingia humo. Miaka ya 1950 serikali ilimwita kuwa mshauri. Kijana wa darasa la sita alikuwa anakaa meza moja na maprofesa.

Alifariki tarehe 21 mwezi wa pili mwaka 1961 huko Minneapolis, kwa kansa ya mapafu. Aliacha hati zaidi ya 60, na nyingi kati ya hizo ni za mashini za baridi. Heshima kubwa ilichelewa miaka 30. Mwaka 1991 Rais George H. W. Bush alitoa nishani ya taifa ya teknolojia kwa Jones na Numero kwa pamoja. Wote wawili walikuwa wamekwisha kufa, wajane wao ndio walioipokea. Jones akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupewa nishani hiyo.

Kazi yake kwenye garaje ya leo

Klima ya jeep inayopita Namoya na mashini ya kamio ya Jones zinafuata njia moja. Kompresere inakamua gazi, gazi inapata moto. Kondansere inatupa ule moto nje, gazi inageuka maji. Maji hayo yanapita kwenye kitundu kidogo, yanaingia kwenye evaporatere nyuma ya dashibodi, yanarudi kuwa gazi na kunyonya joto la ndani ya gari. Kazi ya mashini ni kulitoa joto ndani na kulipeleka nje. Mahali mzunguko huo unapokatika, ndipo ugonjwa ulipo.

Kwa hiyo kabla ya kulipia gazi mpya, fundi anaanza na vitu visivyo na gharama. Fuzibo nzima? Kurua imekaza? Klima ikiwashwa, kompresere inapiga ule mlio wa kushikana na kuanza kuzunguka? Isiposhikana, inaweza kuwa umeme, au gazi imepungua mpaka kinga ya mashini inaikatalia kuanza.

Ikiwa kompresere inazunguka, angalia kondansere. Gari inayopoza ikitembea na kuacha kupoza ikisimama, mara nyingi vantilatere haifanyi kazi au vumbi limeziba. Maji ya nguvu ndogo na burashi laini vinaweza kutosha. Upepo ukitoka dhaifu, filitre ya ndani inafunguliwa.

Doa la mafuta lililoshika vumbi kwenye maungio ya tiyo ni dalili ya kuvuja. Povu la sabuni litaonyesha mahali penyewe. Kujaza gazi bila kuziba tundu ni kumwaga pesa ya mteja, na baada ya wiki chache atarudi akilalamika. Gazi za aina mbili zisichanganywe: gari nyingi za zamani zilitumia R12, iliyoanza kuondolewa duniani baada ya mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni, na za baadaye nyingi zinatumia R134a. Tiyo yenye gazi isifunguliwe kwa mkono mtupu, maana gazi ikitoka kwa ghafula inagandisha ngozi na inaweza kupofusha jicho.

Kwenye garaje nyingi za kusini mwa Maniema kuna vijana wanaofagia na kushika funguo huku wakiangalia mikono ya mkubwa. Wengi waliacha shule kama Jones alivyoiacha. Njia yake haikuwa ya miujiza: alifungua mashini, akasoma usiku, akakubali kwamba kazi ya kwanza imeshindwa, akaihamisha mahali pazuri zaidi. Na baada ya hasara ya ile mashini ya picha, hakusahau kuandikisha jina lake juu ya kazi yake.